Mafua ya Kawaida: Namna ya Kumuuguza Mgonjwa Nyumbani na Kutambua Pale Yanapokuwa Ugonjwa Mwingine

Mvua zinapokatika mwezi Mei, Tabora huingia katika miezi ya vumbi na usiku wa baridi kavu, na kufikia Juni na Julai ni nadra kupita nyumba isiyo na mtu anayepenga kamasi. Ndiyo miezi ambayo utamsikia mteja kwenye duka la dawa muhimu akisema, "Kaka, mafua yamenibana, nipatie vile vya rangi mbili," kisha akaondoka na vidonge vinne au sita ndani ya kipande cha karatasi, akiamini amenunua tiba. Vidonge hivyo ni antibiotiki, ambazo kazi yake ni kuua bakteria, ilhali mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haina uwezo wowote juu ya virusi. Fedha hiyo hiyo ingetosha kununua ndimu, tangawizi na asali kidogo, na mgonjwa angelala vizuri zaidi usiku huo.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mama, baba, bibi au dada mkubwa ambaye ndiye anayeuguza nyumbani. Mafua ya kawaida hupona yenyewe, kwa hiyo anayeuguza anatakiwa kumpunguzia mgonjwa adha huku akikaa macho, kwa sababu katika mkoa kama wetu yapo magonjwa mazito, hasa malaria na nimonia, yanayoanza kwa sura inayofanana na mafua.

Mafua huanzaje, na hukaa siku ngapi

Virusi vinavyoleta mafua ni zaidi ya aina 200. Kundi kubwa kuliko yote ni la virusi viitwavyo rinovirusi, ambalo peke yake lina aina zaidi ya 150, na wingi huo ndio sababu hakuna chanjo ya mafua ya kawaida na ndio sababu mtu aliyepona mwezi huu anaweza kuugua tena mwezi ujao kwa kirusi cha aina nyingine. Mtu mzima hupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka, na mtoto mdogo hupata mara 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Mama anayelalamika kwamba mwanawe "haponi mafua" tangu aanze shule ya awali mara nyingi ana mtoto mzima kabisa ambaye anamaliza mafua moja na kuokota mengine kutoka kwa wenzake.

Virusi husafiri kwa matone ya chafya na kikohozi, lakini njia ambayo watu huisahau ni mikono. Mgonjwa hujifuta pua kwa kiganja, hushika kitasa cha mlango au kikombe cha maji cha pamoja, mwingine hushika pale pale, kisha hujipangusa jicho au pua, na hapo virusi huwa vimefika vinapotaka. Dalili za kwanza huonekana kati ya siku 1 na 3 baadaye. Koo huwasha, chafya hufuatana, na pua hutoa maji mepesi. Siku ya 2 au ya 3 ndiyo mbaya kuliko zote, kwani pua huziba, kichwa huwa kizito na mwili hulegea. Baada ya hapo kamasi huwa nzito, hugeuka njano au kijani, na wengi huwa wamepona kati ya siku ya 7 na ya 10, ingawa kikohozi chaweza kubaki nyuma hadi wiki 2 hivi.

Rangi hiyo ya kijani huwatisha watu wengi na kuwapeleka mbio kutafuta antibiotiki. Inatokana na chembe nyeupe za damu ambazo zimekwenda kupambana na virusi na kuacha humo kemikali zake zenye rangi. Ni hatua ya kawaida ya kupona, na peke yake haithibitishi kwamba bakteria wameingia.

Kuhusu baridi, bibi zetu hawakukosea kabisa. Baridi haizalishi mafua pasipo virusi. Katika kituo cha utafiti wa mafua kilichofunguliwa Salisbury, Uingereza, mwaka 1946, watu waliojitolea walilowanishwa na kuachwa wasimame kwenye upepo bila kukauka, na hawakuugua kuliko wenzao waliokaa kwenye joto. Hata hivyo, watafiti wa Cardiff waliochapisha kazi yao mwaka 2005 waliwaambia watu waweke miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, na siku zilizofuata wengi zaidi kati yao walilalamika dalili za mafua kuliko wale ambao miguu yao haikuguswa na maji. Kwa kuwa rinovirusi huzaliana vizuri zaidi katika ubaridi kidogo wa ndani ya pua kuliko katika joto kamili la mwili, yamkini baridi huwapa nafasi virusi ambavyo tayari vimo. Mvalishe mtoto sweta asubuhi, lakini usiache kumnawisha mikono kwa kudhani sweta imetosha.

Kumuuguza mgonjwa

Mgonjwa apumzike, anywe vitu vya vuguvugu mara kwa mara, na ale anachoweza. Uji mwepesi, supu ya kuku, chai ya tangawizi au ya mchaichai, na maji yaliyochemshwa vyote hulainisha koo na kurudisha maji mwilini. Machungwa, mapera na maembe ni chakula kizuri, ila vitamini C inayoanza kunywewa baada ya mafua kuingia haijaonekana kuyafupisha, kwa hiyo hakuna haja ya kununua vidonge vyake kwa bei kubwa.

Kwa kichwa kinachouma na homa ndogo, paracetamoli inatosha. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mwenye kilo 10 hupewa miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja na si zaidi ya mara 4 kwa siku. Soma lebo ya chupa kabla ya kumimina, maana nguvu ya sirapu hutofautiana, na tumia kipimo kilichokuja na dawa badala ya kijiko cha jikoni. Dawa nyingi za mchanganyiko zinazouzwa kwa jina la dawa ya mafua zina paracetamoli ndani yake tayari, na anayezimeza pamoja na vidonge vyake vya kawaida vya maumivu huweza kuvuka kiwango bila kujua na kuumiza ini. Aspirini asipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16, kwa kuwa ikikutana na ugonjwa wa virusi huweza kuleta tatizo adimu lakini la hatari kwenye ini na ubongo.

Kwa kikohozi, wakazi wa Tabora wana bahati ambayo wengine huinunua kwa gharama. Asali ya misitu ya miombo, ile inayoletwa mjini kutoka Sikonge, Kaliua na Uyui, ni dawa ya kikohozi inayokubaliwa na wataalamu wa afya, kwani tafiti kwa watoto waliovuka mwaka mmoja zimeonyesha kwamba hupunguza kukohoa usiku. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 apewe nusu kijiko cha chai kabla ya kulala, wa miaka 6 hadi 11 apewe kijiko kimoja, na mkubwa zaidi viwili, iwe peke yake au ndani ya maji ya vuguvugu yenye ndimu. Ninawasihi wazazi washike sharti moja bila kulegeza: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali hata kidogo. Asali yaweza kubeba mbegu za bakteria waletao ugonjwa wa botulizimu, ambao hulegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ashindwe kunyonya na kupumua, na kuichemsha nyumbani hakuziui mbegu hizo. Sharti hili linahusu pia asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo wengi huiona kuwa dawa zaidi na kwa sababu hiyo huwahi kumlambisha mtoto mchanga.

Koo likiwasha, mtu mzima au mtoto anayeweza kusukutua bila kumeza achanganye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, asukutue na kutema, mara 3 au 4 kwa siku.

Mtoto mchanga anahitaji uangalizi wa peke yake. Yeye hupumua zaidi kwa pua, na pua ikiziba hawezi kunyonya na kuvuta hewa kwa pamoja, hivyo hushika ziwa, huliachia, hulia, na mama hudhani mtoto amekataa maziwa. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha koroga chumvi kidogo isiyofika nusu kijiko cha chai katika robo lita. Mlaze mtoto chali, mdondoshee tone 1 au 2 katika kila tundu la pua, subiri dakika moja hivi mpaka kamasi ilainike, halafu ichukue taratibu kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa ncha, au kwa kipira cha kunyonyea kamasi kama unacho. Fanya hivyo muda mfupi kabla ya kunyonyesha na kabla ya kumlaza. Maji hayo yatengenezwe upya kila siku. Wapo akina mama wanaofyonza kamasi ya mtoto kwa kinywa chao; huo ni upendo, lakini humwambukiza mama naye humrudishia mtoto vijidudu vya kinywani mwake. Dawa za kuchua zenye mentholi au kafuri zisipakwe puani wala usoni mwa mtoto wa chini ya miaka 2.

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi, mchaichai au mwarobaini humpa mtu mzima nafuu ya muda, na sioni sababu ya kumzuia anayependa kufanya hivyo. Hakufupishi ugonjwa, na hatari yake iko kwenye sufuria yenyewe. Watoto hawapaswi kufunikwa blanketi juu ya maji yanayochemka, kwa kuwa sufuria ikipinduka mtoto huungua mapaja na tumbo, na jeraha la moto hukaa miezi ilhali mafua yangekwisha ndani ya wiki.

Moshi huchelewesha kupona. Mgonjwa asilale katika chumba chenye jiko la mkaa au kuni, na katika vijiji vya tumbaku vya Urambo, Kaliua na Sikonge watoto wenye mafua wasikae wala kulala karibu na mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, wakati majani yanakaushwa. Wazee wanaovuta ugoro ili kuzibua pua hupata chafya nyingi na kuikwaruza zaidi ngozi laini ya ndani ya pua ambayo tayari imevimba.

Dawa na desturi za kuacha

Antibiotiki nimekwisha kuzitaja, lakini ubaya wake hauishii kwenye fedha iliyopotea. Vidonge vinne vya amoksilini vilivyomezwa bila sababu huua bakteria dhaifu waliomo mwilini na kuwaacha wale wagumu, nao huzaliana na kuambukizwa kwa wengine. Huu ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wizara ya afya huuita UVIDA, na atakayeulipia pengine ni mtoto wa jirani siku atakapougua nimonia ya kweli na dawa ikakataa kufanya kazi. Muuza dawa akikuuliza dalili zako na kukuambia huhitaji antibiotiki, mshukuru, maana ameacha faida yake kwa ajili yako.

Sirapu za kikohozi na mafua zenye mchanganyiko wa dawa kadhaa hazifai kwa watoto wa chini ya miaka 6. Piritoni hukausha pua kidogo lakini huleta usingizi, kwa hiyo dereva wa bodaboda asiimeze kisha akapanda pikipiki. Matone ya dawa ya kuzibua pua yasitumiwe zaidi ya siku 5 mfululizo, kwani baadaye pua huzoea na kuziba zaidi kila yanapoachwa. Mwenye shinikizo la damu na mjamzito wasinunue dawa yoyote ya mafua kabla ya kumweleza muuzaji hali yao.

Lipo pia jambo la kimeo. Mtoto akikohoa kwa muda mrefu, huja mtu akashauri akatwe kimeo, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo, kwa madai kwamba kimerefuka na kugusa ulimi. Kimeo hakileti kikohozi. Kinachobaki baada ya kukikata ni jeraha mahali ambapo damu haizuiliki kwa urahisi, uwezekano wa pepopunda na usaha, na hatari ya wembe uliokwisha kutumika kwa mtoto mwingine. Mtoto anayekohoa kwa muda mrefu anatakiwa apimwe, kwa sababu kikohozi chake kina chanzo ambacho mkata kimeo hatakigundua.

Kuwakinga wengine

Mikono inawe kwa maji tiririka na sabuni kwa sekunde 20, hasa baada ya kupenga kamasi na kabla ya kula. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinatosha kabisa: dumu dogo lililotobolewa, linaloning'inia kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyaga, ili anayenawa asilishike kwa mikono. Chafya ipigwe ndani ya kiwiko. Kitambaa cha kupengea kiwe cha mtu mmoja na kifuliwe kila siku. Katika mabweni ya shule, ambako vitanda vya ghorofa hukaribiana na madirisha hufungwa kwa ajili ya baridi, walezi wayafungue mchana kutwa na wawalaze wanafunzi wakipishanisha vichwa na miguu. Abiria wa treni ya Kigoma au Mwanza anayekaa usiku mzima katika behewa lililojaa avae barakoa kama anaumwa, na afungue dirisha kila inapowezekana.

Pale ambapo si mafua tena

Homa ni jambo la kwanza la kutilia shaka. Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na kutoka kamasi hakumkingi mtu na malaria, kwani yote mawili huweza kumpata kwa siku moja. Mtoto mwenye mafua ambaye mwili wake unachemka apelekwe kupimwa malaria ndani ya saa 24, na mtu mzima anayetetemeka, kuumwa viungo au kutapika afanye vivyo hivyo. Mwenye sikoseli akipata homa asisubiri hata usiku mmoja. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2 akipata homa, au akinyonya kwa shida, apelekwe mara moja bila kujaribu dawa yoyote nyumbani.

Jambo la pili ni pumzi, na hili kila mzazi anaweza kulipima bila kifaa. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Pandisha fulana yake ili tumbo na kifua vionekane, weka saa ya simu mbele yako, na uhesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika moja kamili, usihesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, kwa sababu watoto hupumua kwa vipindi visivyolingana. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka akifika 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, anapumua haraka kupita kiasi na huenda ana nimonia. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au akitoa mlio anapovuta pumzi akiwa ametulia, au akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, hakuna haja ya kuhesabu zaidi. Aende hospitali saa hiyo hiyo. Hapo ndipo antibiotiki huokoa maisha, ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo sahihi. Chanjo ya nimonia, ambayo watoto wa Tanzania hupewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hupunguza sana hatari hii lakini haiiondoi yote.

Kikohozi kilichofika wiki 2 hupelekea kipimo cha makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, ambacho hutolewa bure katika vituo vya serikali. Wachimbaji wadogo wa Nzega na anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu wasikae wakisubiri kikohozi kiishe chenyewe. Mafua yenye macho mekundu na homa kali kwa mtoto ambaye hakuchanjwa, yakifuatiwa na vipele kuanzia usoni, huenda ni surua. Kamasi yenye harufu mbaya inayotoka tundu moja tu la pua kwa mtoto mdogo karibu kila mara humaanisha kuna kitu amekitia humo, punje ya karanga au ya mahindi, na mzazi asijaribu kuitoa kwa kijiti kwa kuwa ataisukuma ndani zaidi. Sikio linalouma au kutoa usaha, maumivu ya uso yanayozidi baada ya siku 10, au mafua yaliyokuwa yakipungua kisha homa ikarudi kwa nguvu, yote yanahitaji kuonwa na tabibu. Mwenye pumu ahakikishe dawa yake ya kuvuta iko karibu tangu chafya ya kwanza.

Unapokwenda zahanati, beba kadi ya kliniki na chupa au karatasi za dawa zote alizokwisha kutumia. Mweleze mhudumu siku dalili zilipoanza, idadi ya pumzi ulizohesabu na saa ulipozihesabu, mara ngapi amekojoa tangu asubuhi, na dozi ya mwisho ya paracetamoli ilikuwa saa ngapi. Kama alipewa dawa ya kienyeji au vidonge vya dukani, sema bila kuficha, kwa sababu mhudumu anahitaji kujua ili asimwongezee kile ambacho tayari kimo mwilini.